Herufi Nne za Garissa

Mwanaakiolojia akikuta vigae vya kale kandokando ya mji wa Garissa, huandika GrJw, kisha namba ya eneo. Herufi hizo nne zinataja mraba wa ramani wenye upande wa dakika 15, yaani kama kilomita 28. Ukivuka longitudo ya digrii 40 kuelekea Dadaab, J inageuka K.

Mwanaakiolojia Charles Nelson aliutangaza utaratibu huu mwaka 1971 kupitia Kongamano la Afrika Nzima la Historia ya Kale, lililoanzia Nairobi mwaka 1947. Nampongeza kwa dhati, pamoja na kila anayejaza fomu za maeneo ya kale juani, mstari kwa mstari. Kwetu Kaskazini Mashariki kazi hiyo ina thamani kubwa mno. Marundo ya mawe juu ya makaburi ya kale hayakomei Mandera, yanaendelea Ethiopia na Somalia. Na jina la kisima kimoja huweza kuandikwa kwa tahajia tatu. Herufi za Nelson hazijali mpaka wala lahaja.

GvJm 22 ya Lukenya na FxJj 1 ya Koobi Fora zinajulikana na watafiti duniani kote. Miraba ya Garissa, Wajir na Mandera nayo imeshapata herufi zake, inangoja wapimaji.