Ufundi wa Matembezi Mafupi

Anayepanda Kilimanjaro hupangiwa kila kitu: mwongozaji, wapagazi, mpishi, hata saa ya kuamshwa usiku kuelekea kileleni. Anayevuka kwenda Kisiwa cha Saanane asubuhi na kurudi mchana hujipangia mwenyewe, na wengi hawapangi chochote kwa kuwa safari ni fupi. Mimi nawasifu wale wachache wanaopanga. Matembezi ya saa mbili hayana kesho ya kurekebishia makosa. Kilichosahaulika ng'ambo ndiyo basi tena.

Saanane ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na imo ndani ya jiji la Mwanza. Ukijumlisha nchi kavu na maji yake, eneo lote halifiki kilomita tatu za mraba. Jina limetokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi pale kabla serikali haijakigeuza kisiwa kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964. Mlima wa kutisha haupo. Kuna vilima vya mawe ya itale, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na vijia vinavyopanda juu yake.

Fundi wa matembezi huanza na jua. Saa za Tanzania nzima zinafuata longitudo ya 45 mashariki, inayopita baharini mbali na pwani yetu, ilhali Mwanza iko karibu na ya 33. Ndiyo maana hapa jua hufika utosini kwenye saa saba kasoro, wala si saa sita. Mgeni aliyezoea jua la Dar es Salaam hudhani saa saba jua limeshaanza kushuka, kumbe ndiyo kwanza limefika juu. Na itale ikishashiba joto hulitoa polepole hadi jioni. Kwa hiyo fundi huvuka mapema, akawa kileleni kabla jiwe halijaanza kuchoma viganja.

Kisha upepo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, na upepo huvuma kuelekea ziwani. Jua likipanda hugeuka, ukatoka ziwani, na alasiri mawimbi huweza kuwa makubwa. Mwenye bibi au mtoto asiyezoea boti hupanga kurudi kabla ya hapo.

Asubuhi hiyo pimbi huwa wametoka kuota jua, maana miili yao haistahimili vizuri baridi ya usiku. Tazama nyayo zao: zina ngozi laini, yenye unyevunyevu, inayong'ang'ania jiwe. Jirani yao ni mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu tangu 1923. Wote wawili wameumbiwa mawe. Sisi tunahitaji viatu vyenye soli ya mpira yenye meno, na subira pia: mvua ikiwa imenyesha alfajiri, ukoga wa mawe huteleza kama sabuni, na fundi haoni aibu kuahirisha.

Maji ya kunywa hutoka nyumbani. Miguu haichovywi ziwani, kwa sababu ya kichocho na mamba. Chakula ninachokipendekeza kwa moyo wote ni matobolwa, viazi vitamu vya Usukumani vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa: vyepesi mkobani, haviharibiki juani, na hutafunwa huku mtu akitembea.

Lakini kazi kubwa ya mpango ni watu. Fundi hupima mwendo kwa mguu wa aliye mzito kuliko wote, humtanguliza huyo mbele, na hutaja saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, ili asiwepo wa kubembeleza kilele kikiwa karibu. Halafu huacha nusu saa tupu isiyo na kazi, pale juu. Hapo mtoto huuliza jiwe lile limepandaje juu ya jingine, na mkubwa anao muda wa kumjibu: halikupanda. Lilikuwa ardhini, likapasuka kwa nyufa, maji yakaula mwamba kwenye nyufa hizo, mvua za miaka mingi zikachukua udongo, nalo likabaki palepale lilipokuwa.