Bado Mmoja, Twende

Jumapili ya Machi 5, 2023 nilikuwa Kitui mjini, ndani ya hall ya mabati karibu na stendi. Nimelipa shilingi 30 mlangoni, nimebanwa kwenye benchi la tatu, na kando yangu ameketi rafiki yangu wa Kathonzweni tunayemwita Kapteni, jezi nyekundu mwilini, skafu shingoni hata kama joto lilikuwa la kukausha kuku. Liverpool walikuwa nyumbani Anfield, Manchester United wageni. Mpira ulianza saa moja na nusu jioni. Kufikia mapumziko ilikuwa 1–0, Gakpo, dakika ya 43, na mashabiki wa United hawakuonekana kuwa na shida. Wiki moja tu kabla walikuwa wamebeba Kombe la Carabao, taji lao la kwanza tangu 2017, na walikuwa bado na ile sauti nene ya mtu aliyelipwa mshahara juzi.

Halafu ikaja dakika ya 47, Núñez. Ya 50, Gakpo tena. Salah, Núñez, Salah. Firmino akafunga mlango dakika ya 88. Saba. Muonza, kama anavyohesabu Mkamba. United hawakuwa wamefungwa mabao mengi namna hiyo bila jibu tangu 1931.

Lakini mimi sikuja hapa kuandika habari za mpira. Nimekuja kuandika kuhusu kijana mmoja wa benchi la nyuma, makanga wa gari za Mutomo, ambaye kila bao lilipoingia alisimama, akagonga ukuta wa mabati kofi mbili, akapaza sauti: "Bado mmoja, twende!"

Kama umewahi kuabiri Probox pale Kitui, unaujua huo uongo. Gari limejaa, watu wameketiana mapajani, kuna mama amepakata jogoo na mtoto wa mtu asiyemjua, na bado makanga anaapa mbele ya Mungu kwamba amebakisha mmoja tu. Anaingia huyo mmoja. Gari haliondoki. "Bado mmoja!"

Sasa tuusome utani huu vile tungesoma shairi, kwa sababu unastahili. Kwanza, haumtaji mtu. Makanga hakusema "nyinyi mmefungwa". Alitupakia sote gari moja, wa Liverpool, wa United na sisi wa Arsenal tuliokuja kufurahia misiba ya watu. Pili, unanenepa ukirudiwa. Bao la pili lilipoingia watu wachache walicheka. La nne, hall nzima ilikuwa inasubiri lile kofi la mabati. La tano, hata mashabiki wa United walikuwa wanalisubiri, na hapo ndipo niligundua kwamba mtu amewafanyia wema bila kuwaambia: amewapa kitu kingine cha kungoja badala ya aibu. Tatu, unaacha nafasi ya kujibiwa. Na ulijibiwa. Baada ya bao la sita, mzee mmoja mwenye kofia ya United, ambaye jioni yote hakuwa amesema neno, aliinua mkono kama abiria na kusema polepole, "Dere, mimi unishukishe hapa."

"Hapa si steji, mzee," makanga akamwambia.

Sijui kama umewahi kusikia mabati yakicheka. Mimi nilisikia usiku ule. Na mzee hakuondoka; alikaa mpaka la saba.

Kuna makala zinazorudi kila mwaka magazetini na redioni, za kutushangaa sisi vijana tunaolilia timu za watu wasiotujua. Eti mtu wa Mwingi ana uhusiano gani na Manchester? Ni swali la mvivu. Anayeliuliza anaangalia jezi tu, hasikilizi yanayosemwa na aliyeivaa. Angekaa kwenye benchi la tatu angegundua kwamba kule Uingereza wametuletea mabao tu. Maneno tunatia wenyewe, na yana ukoo mrefu huku kwetu. Wakamba walikuwa na nyimbo za myali, za kumsuta mtu mbele ya kijiji kwa ustadi kiasi kwamba hata ndugu zake walishindwa kutocheka. Pwani nako, mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi wakati miji yao imeshikana mashati, na vita vya Shela, ambako Mombasa na Pate walipigwa vibaya na Lamu, vilikuwa sehemu ya ugomvi huo. Watu walikufa ufukweni. Na bado kila upande ulimtaka mshairi wake ajibu.

Neno langu lote liko hapo kwenye kujibu. Kejeli nzuri hutamkwa mbele ya mtu anayeweza kuirudisha. Ukimwondoa huyo, unabaki na kelele.

Chukua ile picha ya soda. Usiku ule kabla sijafika nyumbani simu yangu ilikuwa imeletewa picha za 7Up kutoka kila pembe: chupa ya 7Up, kreti ya 7Up, kocha Ten Hag ameshika 7Up. Utani wenyewe si mbovu kabisa, saba ni saba. Lakini ni hesabu ya darasa la kwanza, umetengenezwa kusikojulikana, na unamfaa mtu wa Lagos sawasawa na mtu wa Kibwezi. Haujui lolote kuhusu anayeupokea. Utaujibu vipi? Unaweka emoji, unazima data, unalala. Nitakiri: na mimi niliusambaza. Nilimtumia Kapteni chupa tatu. Nitarudi kwa hilo.

Linganisha na uliotoka upande wa Makueni usiku huohuo. Mtu wa Wote alisema: "Ukuta wa United ni kama Thwake. Kila siku tunaambiwa uko karibu kukamilika." Asiye wa huku atapita bila kusimama. Lakini bwawa la Thwake linajengwa pale Makueni na Kitui zinapokutana, kazi ilianza 2018, na mpaka usiku ule wa 2023 halikuwa limekamilika. Sisi ndio tunaosubiri hayo maji. Kwa hiyo utani unampiga beki wa United, unampiga mwanasiasa, kisha unamgeukia hata anayecheka, kwa sababu na yeye ana mtungi nyumbani. Shabiki mmoja wa United alirudisha: "Afadhali sisi tuna ukuta unaojengwa. Nyinyi Arsenal tangu 2004 mna ramani tu." Hiyo ilinifikia mimi moja kwa moja. Iliuma vizuri.

Kuna jambo ambalo limenisumbua zaidi kuliko hayo. Oktoba 7, 2021 nilikuwa Wote, na tulitazama Harambee Stars ikifungwa 5–0 na Mali kule Agadir, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Ibrahima Koné peke yake alifunga matatu. Ilikuwa mechi ya kwanza ya kocha Engin Fırat. Watu walikuwa wachache, na nilisubiri utani. Nilisubiri kweli, kwa sababu tunajulikana kwa mdomo. Hakuna aliyesema kitu cha maana. Mmoja aliwatukana viongozi wa soka, matusi ya kawaida, hayana hata chumvi. Mwingine akaomba wabadilishe chaneli. Tulitoka kila mtu na njia yake, kama watu waliotoka ofisini kuambiwa warudi Jumatatu.

Kwa muda nilidhani ni kwa sababu hatuipendi timu yetu. Sasa naona nilikosea. Pale ndani hakukuwa na mtu wa Mali. Hakuna aliyegonga ukuta, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wa kumwomba amshukishe. Tulikuwa upande mmoja sote, na upande mmoja peke yake haujengi mazungumzo. Tena tulishajua kwamba mabao matano hayakuanzia Agadir. Mwezi uliofuata waziri Amina Mohamed alilivunja shirikisho la soka, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Unamtania nani? Huwezi kumwambia mtu aliyeibiwa "bado mmoja, twende". Atakuuliza gari lenyewe liko wapi.

Sasa turudi kwa Kapteni.

Kapteni ndiye mjibuji bora ninayemjua. United walipopigwa tano bila na Liverpool pale Old Trafford, Oktoba 2021, wiki chache baada ya lile la Mali, aliingia kazini kesho yake na jezi, akanyosha mkono kwa kila mtu na kusema, "Asanteni kwa kufika mazishini, chai iko kwa jirani." Hakuna aliyebaki na la kusema. Lakini usiku wa saba bila, tangu bao la tatu alikuwa kimya. Makanga akigonga, hageuki. Nikadhani ni aibu, nikafurahi, nikasema leo amepatikana. Ndiyo maana nilipofika kwangu nilimtumia zile chupa.

Miezi mitatu baadaye ndipo aliponiambia. Alikuwa amebeti United wasipoteze. Alikuwa ameweka shilingi 12,000, na hazikuwa zake. Zilikuwa za mwaitu, mama yake, alizolipwa na broka wa maembe, na zilikuwa zimetumwa kwa simu ya Kapteni ili azipeleke shule kama karo ya mdogo wake. Alitaka kuzizungusha kidogo tu, siku moja. Bao la tatu lilipoingia, mimi nilikuwa natazama mpira na yeye alikuwa anamtazama mama yake.

Nimefikiria sana vile nilivyokosea kuusoma ule ukimya. Najiita mtu wa kusoma mambo, nikakaa bega kwa bega na mtu na nisimwone. Lakini makanga alimwona. Kapteni aliniambia kwamba watu walipokuwa wanatoka, yule kijana aliyetuchekesha usiku kucha alimfuata nje, akatembea naye hadi kwenye geti la ploti yake, karibu dakika 20, wakiongea mambo ya bei ya mafuta. Hakumtania hata mara moja. Alipofika ndani, Kapteni akawasha simu na kukuta chupa zangu tatu za soda.

Huwa tunasema ni utani tu, haui. Mei 2009 Arsenal ilifungwa 3–1 nyumbani na Manchester United, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na usiku huo kijana mmoja Embakasi, Nairobi, alijitoa uhai akiwa na jezi ya Arsenal. Magazeti ya dunia yaliichapa kama kioja cha Afrika. Watu waliijadili kama kichekesho kwa wiki nzima, na mimi, shabiki wa timu hiyo hiyo, nilikuwa mmoja wao. Siwezi kudai najua kilichokuwa moyoni mwake, na sitamfanya mfano. Nasema tu kwamba tangu Kapteni anisimulie, nimeacha kuhesabu ukimya wa mtu kama ushindi wangu.

Na kubeti kumeongeza ukimya huo. Hili si hubiri la kanisani. Mimi pia nimechana mikeka yangu. Ninachosema ni cha masikio. Zamani ukiingia hall ulijua upesi nani ni wa wapi, na nani ataumia. Siku hizi mtu amevaa jezi ya Chelsea lakini ameweka pesa Brighton, na bao likiingia hujui kama umpe pole au hongera. Anajificha. Aliyefungwa uwanjani bado ana kitu cha kusema, kwa sababu kila mtu aliona. Aliyefungwa kwenye simu hawezi kujibu utani ambao hataki ujue unamhusu.

Mwaitu alilipwa, kidogokidogo, mpaka Desemba. Hilo ni la familia yao.

Agosti 27, 2025 nilikuwa tena kwenye ile hall. United walikuwa wametoka kumaliza ligi nafasi ya 15, na sasa walikuwa ugenini kwa Grimsby Town, timu ya daraja la nne, Kombe la Carabao, lilelile. Ikaisha 2–2, ikaenda penalti, na penalti zikakataa kuisha. Ilishapita saa sita usiku na watu bado wanapiga. Grimsby wakashinda 12–11. Makanga wa Mutomo, ambaye sasa ana gari lake mwenyewe la mkopo, alikuwa amegonga mabati mpaka mkono umechoka. Ikanyamaza kidogo pale ndani. Nilimgeukia Kapteni, sikusema kitu, simu yangu ilikuwa mfukoni.

Akavua skafu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi.

"Makanga," akaita, "wacha kuita watu. Hili gari lilizima 2013. Sisi tunasukuma tu."

Mzee wa kofia, kule nyuma, alicheka kwanza.