Joto Ndilo Linalopigisha Feni Kelele

Anayenunua pawasaplai ya kompyuta ya mezani kwa kawaida huangalia wati, kisha nembo ya 80 PLUS, kisha bei. Kama anataka mashine tulivu, hayo matatu hayamtoshi. Ukiuacha mlio wa koili, yaani ule mlio mwembamba wa vipuri vya umeme vyenyewe, kelele ya pawasaplai hutoka kwenye feni, feni huongozwa na joto, na joto lenyewe ni umeme uliotoka ukutani ukapotea njiani kabla ya kuifikia prosesa. Swali la kuanzia dukani ni hili: kwa mzigo wa mashine yangu, katika chumba changu, kifaa hiki kitakuwa na joto kiasi gani la kutoa nje?

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme vipuri vya ndani vinatumia wati 300 wakati wa mchezo mzito. Pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta wati 375 ukutani, na wati 75 zitabaki ndani yake kama joto. Yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta takriban wati 333, hivyo joto lake ni wati 33 tu, chini ya nusu ya lile la kwanza. Tofauti ya asilimia 10 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa feni ni kama mashine mbili tofauti. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wa feni inasema kupunguza kasi kwa nusu hushusha sauti kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhisi kushuka kwa desibeli 10 kama sauti iliyopungua kwa nusu. Ndiyo sababu kuhama kutoka feni za milimita 80 kwenda za milimita 120, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kulileta nafuu kubwa kiasi kile: eneo la feni liliongezeka zaidi ya mara mbili, na hewa ileile ikasukumwa kwa mwendo wa polepole.

Basi tununue daraja la Gold la 80 PLUS na tumalize? Hapana. Mpango wa 80 PLUS, ulioanza mwaka 2004, hupima ufanisi wa umeme. Kelele hauigusi kabisa. Tena vipimo vyake hufanywa kwenye joto la takriban nyuzi 23, ilhali chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa huvuka nyuzi 30 kwa urahisi kati ya Desemba na Machi. Udhaifu wa kupima katika ubaridi ulijulikana mapema. Mike Chin, mwanzilishi wa tovuti ya Silent PC Review nchini Kanada, alizipima pawasaplai ndani ya kisanduku kilichopashwa joto kwa balbu, kwa kuwa ndani ya kasha halisi pawasaplai huvuta hewa ambayo prosesa na kadi ya michoro zimekwisha kuichemsha. Hapo ndipo kifaa kilicholala kimya mezani kinapoanza kuvuma. Kwa msomaji wa pwani kisanduku kile ndicho kipimo chenye maana. Siku hizi maabara ya Cybenetics ya Saiprasi hutoa daraja la kelele mbali na la ufanisi: A++ ni wastani wa chini ya desibeli 15, na A- ni kati ya 25 na 30. Nembo hiyo ina uzito zaidi kwa mtafuta utulivu kuliko rangi ya dhahabu.

Wapo wanaosema dawa ni kununua wati 1000, ili pawasaplai isitoke jasho. Hoja hii ina ukweli ndani yake: kifaa kikubwa huwa na vipoza joto vikubwa, na kadi za michoro za sasa huvuta umeme kwa mishtuko inayohitaji akiba. Lakini kompyuta hiyohiyo mtu anapoandika barua hutumia labda wati 60, yaani asilimia 6 ya uwezo wa kifaa hicho, na daraja la Gold halipimwi chini ya asilimia 20. Daraja la Titanium ndilo huongeza kipimo cha asilimia 10. Kwa mashine yetu ya wati 300, pawasaplai nzuri ya wati 550 hadi 650 inatosha, na fedha iliyobaki iende kwenye ubora wa feni na beringi zake.

Hoja ya pili ina mvuto zaidi: kwa nini tusiiondoe feni kabisa? Inawezekana: Seasonic wametengeneza Prime TX-700 isiyo na feni, ya wati 700. Ziko pia nyingi ambazo feni husimama mpaka mzigo au joto lifike kiwango fulani. Kwenye chumba cha nyuzi 20 mpango huu unapendeza. Kwenye nyuzi 32 kiwango hufikiwa upesi, feni huwaka na kuzima, na sikio husumbuliwa na mabadiliko hayo kuliko mvumo mdogo usiokatika. Zaidi ya hapo, kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, umri wa kapasita hukadiriwa kupungua kwa nusu. Kwa hiyo naipa kura feni ya milimita 120 au 135 inayozunguka taratibu muda wote, na kama kuna swichi ya kuzuia isisimame, iwashwe.

Mlio wa koili hauna nembo. Hubadilika hata kati ya vifaa viwili vya modeli moja, kwa hiyo nunua penye ruhusa ya kurudisha. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika, hasa zile ndogo za Dell na HP, hutumia pawasaplai za umbo la pekee. Kama unainunulia mashine ya aina hiyo, pima nafasi yake kabla hujalipa. Chagua kasha ambalo pawasaplai hukaa chini na kuvuta hewa ya nje kupitia chujio, na chujio hilo lisafishwe, maana vumbi huirudisha feni kwenye kasi uliyolipia kuikwepa. Usiifungue pawasaplai yenyewe kubadilisha feni: kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.