Neno Linalorudiwa na Moyo Unaotulia: Uhakiki wa Tafakari ya Kukariri, kwa Mtazamo wa Mwanga, Kigoma

Swali lililozaa makala hii niliulizwa mlangoni pa kanisa, Mwanga, mjini Kigoma, na mama mmoja ambaye tangu alipofiwa na mumewe alikuwa hapati usingizi. Katika semina moja ya afya alikuwa amefundishwa kuketi mahali penye kimya, kufumba macho, kuchagua neno moja na kulirudia polepole kila atoapo pumzi, kwa muda wa robo saa. Alifanya hivyo, na usingizi ukaanza kumrudia. Kisha mwenzake wa kwaya akamwambia kwamba huo ni uradi wa Waislamu wa Ujiji, na kwamba Mkristo aufanyaye amewafungulia pepo mlango. "Baba Mchungaji," aliniuliza, "nimekosa?" Nilimjibu kwa haraka kwamba aache. Aliacha, na usingizi ukamwondoka tena.

Nakusudia hapa kulipima upya jibu lile. Yapo mambo matatu ya kuhakikiwa: mafundisho ya kitabibu aliyopewa mama huyo, zikri ya Ujiji aliyotishwa nayo, na urithi wetu wa Kilutheri ambao mimi sikumpa. Hoja yangu ni kwamba kosa letu wachungaji katika jambo hili si kuogopa mno wala kuruhusu mno. Kosa letu ni kwamba tunauliza kama kukariri kunatuliza, hali tungepaswa kuuliza neno lile linaelekezwa kwa nani, na linamrudisha msemaji wapi.

1. Kitabu cha tabibu

Mafundisho ya semina ile yana asili inayojulikana. Mwaka 1975 Herbert Benson, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliyefariki mwaka 2022, alitoa kitabu kiitwacho The Relaxation Response. Alikuwa amewapima watu waliofuata tafakari ya Kihindi ya kukariri neno, akaona kwamba pumzi zao zilipungua kasi na mwili ukatumia hewa kidogo zaidi. Akasema kwamba kama vile mwili ulivyo na uwezo wa kujiandaa kupigana au kukimbia wakati wa hatari, vivyo hivyo una uwezo wa kinyume chake, yaani kutulia. Masharti yake ni manne: mahali patulivu, neno la kurudiwa, moyo usioshindana na mawazo yanayopita, na mkao wa raha. Neno lenyewe, alisema, laweza kuwa lolote. Yeye alipendekeza hesabu ya moja.

Hatuna sababu ya kumkatalia tabibu yaliyo ya utabibu. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo ya kuwapima watu 23 wenye afya njema, waliosali rozari kwa Kilatini na kukariri uradi wa Kibudha. Njia zote mbili ziliteremsha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika, na zote mbili ziliimarisha namna moyo unavyoitikia mabadiliko ya shinikizo la damu. Mwili haukuuliza kama maneno yalimhusu Bikira Mariamu au la. Mchungaji anayefundisha kwamba sala ya Kikristo ndiyo pekee inayotuliza mapigo ya moyo anafundisha jambo lisilo kweli, na siku muumini atakapogundua, hatamwamini hata katika yale yaliyo kweli. Mwili huu wenye uwezo wa kutulia ni kazi ya Muumba. Ni jambo la kifungu cha kwanza cha Imani, na Mungu huwapa zawadi hizo hata wasiomjua.

Uhakiki wetu uanzie mahali pengine. Mwaka 1984 Benson alitoa kitabu cha pili, Beyond the Relaxation Response, akashauri kwamba mgonjwa achague maneno ya dini yake mwenyewe, kwa kuwa imani huongeza nguvu ya tiba. Msomaji wa Kikristo huenda akafurahi kuona dini imerudishwa mezani. Lakini na tutazame imewekwa kiti gani. Katika kitabu cha kwanza jina la Mungu halikuhitajiwa. Katika cha pili linahitajiwa kwa sababu linafaa. Mungu amekuwa msaidizi wa tiba. Siku tiba itakaposhindwa, kama mama yule akirudia Zaburi ya 23 usiku kucha bila kupata usingizi, Zaburi nayo itaonekana imeshindwa. Benson hakuwa mwanatheolojia, wala hakudai kuwa hivyo. Tatizo ni letu sisi tunaolichukua fundisho lake na kulivika kanzu.

2. Zikri isiyoeleweka

Tukivuka kutoka kitabuni kwenda Ujiji, tunakutana na kitu tofauti sana na kile ambacho mwanakwaya alidhani. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na Uislamu ulifika ziwani kwa njia hiyo hiyo iliyopitisha pembe na watumwa. Miongoni mwa tarika zilizoota mizizi huko bara ni Kadiriya, inayojiita kwa jina la Abdulkadir Jilani wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1166. Katika Afrika Mashariki ilienezwa kwa nguvu na Sheikh Uways wa Barawa (1847–1909), aliyefika Zanzibar katika miaka ya 1880.

Wanatarika wa Kadiriya husimama kwa safu au duara, huinama na kuinuka pamoja, na jina la Mungu hutoka kifuani kwa pumzi nzito. Ndiyo maana watu wa pwani wakaiita zikri ya kukohoa. Tukiipima kwa masharti manne ya Benson, inashindwa karibu yote. Si mahali patulivu, si mkao wa raha, na neno si lolote. Jasho linatoka. Ni kweli kwamba Kurani, katika Sura ya 13 aya ya 28, inafungamanisha kumkumbuka Mungu na kutulia kwa mioyo. Lakini utulivu huo ni tunda la kukumbuka, nao hauletwi na ufundi wa pumzi peke yake. Muridi akiulizwa kwa nini anafanya zikri hatajibu kwamba anataka kupunguza shinikizo la damu.

Tumkumbuke pia Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya. Alitoka nchi ya Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, akafikishwa pwani akiwa mtumwa, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amekuwa kiongozi mkubwa wa Kadiriya huko Bagamoyo. Mtu aliyekuwa mali ya mwingine alipata katika tarika nafasi ya kusimama safu moja na waungwana na kulitaja jina lile lile kwa pumzi ile ile. Jambo hilo halipimwi kwa mashine ya hospitali. Anayeiona zikri kuwa njia ya kupumzika anaipunguza, na anayeiona kuwa milango ya pepo anaisingizia.

Kanisa nalo lina historia ya kujutia hapa. Mwaka 1908, ilipoenea ile iliyoitwa Barua ya Makka katika koloni la Wajerumani, maofisa waliihusisha na zikri wakaogopa uasi, na miongoni mwa wamisionari walikuwapo walioishiriki hofu hiyo. Hofu haikuwasaidia kuelewa jirani zao walikuwa wakifanya nini usiku wa kuamkia Ijumaa. Maneno ya mwanakwaya wa Mwanga ni mtoto wa hofu ile.

Kusema hivyo si kusema kwamba zikri na sala ya Kikristo ni kitu kimoja. Sisi tunasali kwa jina la Yesu Kristo, na tofauti hiyo haifutiki. Lakini tofauti imo katika yule anayeitwa, na katika yale aliyoyatenda msalabani. Haimo katika kurudia kwenyewe. Zaburi ya 136 ina kiitikio kinachorudi katika mistari yake yote 26. Bwana wetu huko Gethsemane, kwa ushuhuda wa Mathayo 26:44, alisali mara ya tatu kwa maneno yale yale. Alichokikataza katika Mathayo 6:7 ni kudhani kwamba wingi wa maneno unamlazimisha Mungu asikie. Na katika jambo hilo tujihoji sisi wenyewe. Pambio hurudiwa ibadani mara kumi, mara ishirini, hata usharika uchangamke, na mara chache mzee wa kanisa amesimama kuuliza kama aliyechangamka amesali.

3. Kinyozi wa Wittenberg

Neno la Kiebrania lililomo katika Zaburi 1:2, ambalo tunalifasiri kwa kutafakari, ni hagah. Neno hilo hilo hutumika katika Isaya 31:4 kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake, na katika Isaya 38:14 kwa hua aliaye. Kutafakari kwa Biblia, basi, kuna sauti. Mtu hulinong'ona Neno, hulitafuna, hulirudia. Luther alilijua hili. Katika dibaji yake ya mwaka 1539 kwa maandiko yake ya Kijerumani alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia: oratio, meditatio, tentatio, yaani sala, tafakari na jaribu. Kuhusu tafakari alisisitiza kwamba isifanywe moyoni tu; maneno yenyewe yasomwe na kurudiwa kwa kinywa.

Namna ya kufanya hivyo alikuwa ameieleza mwaka 1535 katika kijitabu alichomwandikia kinyozi wake, Peter Beskendorf. Humo Luther anakiri kwamba moyo wake mwenyewe hupoa, na kwamba hapo huenda chumbani au kanisani akiwa na Zaburi, akazikariri Amri, Imani na maneno ya Maandiko moja moja, kama watoto wafanyavyo. Kila amri huisokota kwa nyuzi nne: fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Juu ya umakini anatoa mfano wa kazi ya kinyozi mwenyewe: mwenye wembe mkononi hana budi kuyaweka macho na mawazo yake penye wembe, la sivyo atamkata mteja. Humo humo anasikitika kwamba Baba Yetu ndiyo shahidi mkubwa kuliko mashahidi wote, kwa jinsi inavyoteswa na vinywa viisemavyo bila moyo.

Wanafunzi wengi wanakijua kijitabu hicho, lakini si wengi wanaojua yaliyompata kinyozi. Mwaka huo huo wa 1535, siku ya kuamkia Pasaka, akiwa mezani kwa mkwewe, Peter alimchoma kisu mkwewe huyo akafa. Alihukumiwa kufukuzwa mjini, Luther akiwa miongoni mwa waliomwombea huruma. Tungependa kisa kiishe vingine. Tungependa kusema kwamba aliyefundishwa kusali na Luther mwenyewe akawa mtu mtulivu. Kama thamani ya sala ingekuwa ni utulivu inaouzaa, kijitabu kile kingetupwa mwaka uliochapwa. Hakikutupwa, kwa sababu hakikuahidi utulivu. Kiliahidi kwamba Mungu, aliyeamuru sala, husikia. Na Peter aliyekwenda uhamishoni akiwa na damu mikononi alikuwa na maneno ya kusema kwa Mungu huyo, yakiwamo maneno ya uzi wa tatu, ungamo.

Hapa ndipo kigezo chetu kilipo. Neno la Benson linamrudisha mtu ndani yake mwenyewe na kumwacha hapo, akiwa ametulia. Neno la Mungu linalorudiwa linamtoa mtu kwake mwenyewe, likamweka mbele za Mungu na mbele ya jirani, na mara nyingine humfikisha kwenye jaribu kabla ya amani. Kwa mpango wa Luther, jaribu linakuja baada ya tafakari.

4. Jibu lililopaswa kutolewa

Ningemwambia nini mama yule? Kwanza, kwamba hakukosa. Pumzi iliyompoza ni zawadi ya Muumba, na kuipokea si kumkana Kristo. Pili, kwamba jirani zake wa Ujiji wanapolitaja jina la Mungu usiku hawamtegi, na hapaswi kuwaogopa. Tatu, kwamba asiyepata usingizi kwa muda mrefu baada ya msiba aende pia hospitali, bila aibu, na mchungaji amsindikize ikibidi.

Nne, na hili ndilo hasa nililomnyima, ningempa neno. Nilimwondolea neno tupu nisimpe neno jingine, nikamwacha gizani na ukimya. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 ina utaratibu wa jioni ambao kila mtoto wa kipaimara ameusoma: ishara ya msalaba, Imani, Baba Yetu, sala fupi ya kujikabidhi mikononi mwa Mungu, kisha mtu alale mara moja kwa furaha. Tazama mahali pa usingizi katika utaratibu huo. Umewekwa mwishoni, kama jambo analoweza kulifanya mtu aliyekwisha kukabidhi kila kitu. Angeweza kuyarudia maneno hayo polepole, kila pumzi neno, hata robo saa ipite. Daktari asingeona tofauti, bali yeye angejua anasema na nani. Na usiku ambao usingizi usingekuja, maneno yasingekuwa yameshindwa. Angekuwa macho pamoja na Yule asiyesinzia.

Nilikwenda kwake baadaye, nikamwomba radhi, nikamsomea utaratibu huo. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba anaujua wote kwa moyo tangu kipaimara, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba unaweza kutumika. Wachungaji wenzangu, nanyi mnaojiandaa kwa kazi hii, maneno hayo yanatuhusu sisi kuliko yanavyomhusu yeye.