Fundi na Injini Isiyopata Joto

Katika bonde la Bahi, gari linalochemsha hupata msaada kabla dereva hajashuka. Atatokea mtu na dumu la maji, mwingine atapaza sauti kwamba mfuniko wa rejeta usifunguliwe kwanza, na wa tatu atakuwa ameshampigia fundi. Hatari ya joto tunaijua sote. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, lami ya kutoka Dodoma mjini kuja huku, kilomita zipatazo 55, inawaka, na malori yanayokwenda Manyoni, Singida hadi Mwanza bado yana mlima wa Saranda mbele yao. Mshale wa temperecha ukipanda, dereva anauona hata akiwa kwenye mazungumzo. Ukishuka ukalala chini, anafurahi. Anasema gari lake linapoa vizuri.

Fundi ninayetaka kumsifu ni yule anayeutilia shaka mshale uliolala. Kazi yake haina kelele wala mvuke, na mteja mara nyingi hajui kwamba anaumwa. Kwa maoni yangu ndiyo kazi ngumu kuliko zote gereji, kwa sababu hakuna kitu kinachomlazimisha mtu kuifanya.

Injini haikutengenezwa ikae baridi. Injini nyingi za magari tunayoendesha hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Pistoni imechongwa kwa hesabu kwamba itatanuka. Kabla haijapata moto, inacheza ndani ya silinda. Oili inabaki nzito. Mafuta yanapoungua hutoa pia mvuke wa maji, na sehemu yake hupenya hadi chini kwenye oili. Injini yenye joto huufukuza mvuke huo. Injini baridi hubaki nao, ukaleta asidi na ule ute mweupe unaouona chini ya mfuniko wa oili. Mafuta yasiyoungua nayo hushuka yakaipunguzia oili nguvu yake. Gari litakwenda hivyo muda mrefu, likinywa mafuta kuliko wenzake, na kama ni la dizeli likitoa moshi mweupe wenye harufu kali kila asubuhi. Siku ringi zitakapokuwa zimelika, lawama zitaiendea oili, au fundi wa mwisho kuligusa.

Fundi anayeijua kazi haanzi na spana. Anaanza na maswali, na swali la kwanza ni la mahali.

"Mshale unashuka ukiwa wapi, kaka?"

"Nikishaacha mji, fundi. Nikifika tambarare huku nikakolea mwendo, unalala kabisa. Nikisimama kituoni unapanda kidogo."

Jibu hilo limebeba nusu ya kazi. Kwenye tambarare injini haitumii nguvu nyingi, na upepo unaopita kwenye rejeta unachukua joto jingi kuliko linalozalishwa. Themostati, yaani mlango wa maji ya kwenda rejeta, ikiwa nzima ingejifunga yenyewe, ikayazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto tena, na dereva asingejua kama nje kuna upepo au hakuna. Mshale unaofuata upepo unasema mlango huo uko wazi wakati wote, au haupo.

Kama dereva angejibu kwamba mshale haujawahi kunyanyuka, hata akipanda Saranda na mzigo, fundi angehamia kwenye umeme. Huenda injini ina joto lake sawasawa na kinachodanganya ni geji, sensa au waya uliokatika. Kwenye magari ya zamani ambayo sensa ya geji ina waya mmoja, anauchomoa, anaugusisha kidogo kwenye bodi ya injini huku swichi ikiwa imefunguliwa, na kutazama dashibodi. Mshale ukiruka juu, geji na waya ni vizima. Sensa ndiyo mbovu.

Lakini kuna jibu la tatu, na hili kila dereva wa njia hii angepaswa kulijua kabla hajapewa ufunguo: mshale ulikuwa katikati, ukapanda, kisha ghafla ukaanguka ukawa baridi. Hapo ni kusimama na kuzima injini. Sensa hupima maji iliyozama ndani yake. Mpira ukipasuka maji yakaisha, sensa inabaki hewani, na hewa haiwezi kuipa joto kama maji yanavyoipa. Geji itasoma baridi wakati silinda hedi inapinda. Dereva anayeshangilia kwamba gari limepoa lenyewe anaendesha injini isiyo na tone la maji. Ndiyo maana fundi mzuri, hata aambiwe tatizo ni ubaridi, hufungua kwanza mfuniko wa rejeta injini ikiwa imelala usiku kucha, akaona maji yamefika wapi.

Kipimo kikubwa kinachofuata hakihitaji chombo. Analiomba gari lilale gereji, na alfajiri analiwasha mwenyewe likiwa baridi. Juni na Julai asubuhi za nyanda hizi ni za makoti, na kipimo hutoka safi. Anashika mpira wa juu wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Themostati ikiwa nzima, mpira utabaki baridi kwa dakika kadhaa huku injini yenyewe ikipata moto, kisha moto utafika mkononi kwa mkupuo mmoja. Ikiwa imekwama wazi, mpira unaanza kuwa vuguvugu tangu mwanzo, polepole, bila mkupuo wowote. Tofauti ya mambo hayo mawili haiandikiki vizuri. Inakaa kwenye kiganja cha mtu aliyeshika mipira mingi. Halafu anawasha hita, kitu ambacho dereva wa Bahi pengine hajawahi kukigusa tangu anunue gari. Hewa ya vuguvugu baada ya safari ndefu ni ushahidi wa pili.

Sasa ndipo spana inashikwa. Na mara nyingi, akifungua nyumba ya themostati, anakuta tupu. Mtu aliitoa.

Desturi hii siidharau, kwa kuwa ina sababu zake. Maji ya visima vingi vya huku ni ya chumvichumvi. Yakitiwa kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka badala ya kulanti, yanaacha magamba, na themostati yenye magamba inaweza kukwama ikiwa imefungwa. Hapo gari linachemsha porini. Fundi wa dharura anaitoa, gari linafika, na wote wanahitimisha kwamba kile kipande kililetwa kwa ajili ya nchi za theluji. Hitimisho hilo ndilo lenye kosa. Injini nyingi zina njia ya mchepuo, inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta wakati bado ni baridi. Themostati za injini hizo zina sahani mbili: ya juu ikifungua njia ya rejeta, ya chini inafunga mchepuo. Ukiitoa, mchepuo unabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupozwa. Kwenye tambarare ya Bahi gari hilo litakuwa baridi kupita kiasi. Likiukabili mlima wa Saranda na mzigo, linaweza kuchemsha. Dereva atakuja na malalamiko mawili yanayopingana, na fundi asiyejua atabadilisha rejeta, kisha wota pampu, kisha feni.

Kama themostati ipo, inakwenda kwenye sufuria. Jiko la mkaa, maji, kipimajoto, na themostati ikining'inizwa kwa waya isiguse chini, maana chini ya sufuria kuna moto kuliko maji. Kwenye bati lake pamepigwa namba, mara nyingi 82 au 88, na inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi hizo. Bahi iko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Yakitokota, ile ya 82 inapaswa kuwa imefunguka milimita 8 au zaidi. Yanapopoa inatakiwa ifunge kabisa, bila mwanga kupenya. Hiyo nusu ya pili ya kipimo wengi huiruka, na kwa injini baridi ndiyo yenye jibu.

Kinachousukuma mlango huo ni nta. Sergius Vernet, mvumbuzi aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyeitengeneza themostati ya nta katika miaka ya 1930: kikopo kidogo cha nta inayotanuka ikiyeyuka na kukisukuma kipini. Jirani zetu wa Manyoni na Itigi wana nta ya nyuki. Hii ni ya petroli, iliyotiwa unga wa shaba ili joto liingie haraka. Themostati haina umeme wala kompyuta, na inafanya uamuzi wake safari nzima bila kuulizwa.

Magari mapya zaidi yanajisemea. Kompyuta ikiona maji yamechelewa kupata joto, inawasha taa na kuandika P0128. Mashine ya kusoma msimbo ni msaada mkubwa, lakini inataja dalili tu: huenda ni themostati, huenda ni sensa, huenda maji yamepungua. Fundi hupima ukinzani wa sensa. Nyingi za Toyota husoma kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na chini ya nusu kiloomu kwenye nyuzi 80. Sensa inayoidanganya kompyuta kwamba kuna baridi huifanya imwage mafuta ya ziada, na tajiri wa gari analipa kila akifika sheli.

Themostati mpya inafungwa na raba yake, na kile kitundu chenye kipini kikitazama juu, ili hewa ipate pa kutokea. Maji yanajazwa polepole, injini ikiunguruma mpaka mapovu yaishe. Kisha ni barabarani: tambarare kwa mwendo, mlima wa Saranda, na kurudi, macho kwenye mshale. Dereva akikabidhiwa ufunguo anaambiwa kesho yake, kabla hajawasha, afungue mfuniko aongeze kilichopungua, kwa sababu hewa iliyobaki ndani itakuwa imetoka usiku.