Mchubuko au Mvilio? Uhakiki wa Visawe vya Neno la Kiingereza *Bruise* kwa Kurejelea Mazingira ya Tumbi, Kibaha

Hospitali ya Tumbi, iliyopo Kibaha kando ya Barabara ya Morogoro, ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, na hupokea majeruhi wengi wa ajali zinazotokea katika barabara hiyo. Katika mazingira ya aina hii, majina ya majeraha madogo hupita katika lugha mbili. Majeruhi hueleza maumivu yake kwa Kiswahili. Tabibu amefunzwa istilahi zake kwa Kiingereza. Na fomu ya polisi namba 3 (PF3), ambayo sehemu yake hujazwa na tabibu, huweza kufika mahakamani kama ushahidi. Uhakiki huu unahusu neno moja katika mkondo huo, yaani *bruise*. Hoja yake ni kwamba kisawe kilichozoeleka, *mchubuko*, hutaja jeraha la aina nyingine kabisa.

Katika Kiingereza cha leo, *bruise* ni damu iliyomwagika chini ya ngozi baada ya pigo, ilhali ngozi yenyewe haikupasuka. Kitenzi *chubua*, kwa upande wake, kina maana ya msingi ya kuondoa tabaka la juu la ngozi au ganda. Matumizi ya kila siku yanathibitisha maana hiyo. Anayejichubua kwa vipodozi huondoa weusi wa ngozi yake. Embe lililochubuka limetoka ganda, bali lile lililogongwa likalainika ndani husemwa kuwa limebonyea au limepondeka, ingawa Mwingereza angelieleza kwa neno lilelile *bruise*. Kwa hiyo, sifa inayobainisha *bruise*, yaani uzima wa ngozi, ndiyo hasa inayokanushwa na *mchubuko*.

Hitilafu hii haitokani na upungufu wa msamiati. Katika uga huu wa maana Kiswahili kina *mkwaruzo* kwa ngozi iliyoparuzwa na kitu, *mchubuko* kwa ngozi iliyotoka, *nundu* kwa uvimbe wa kugongwa, na kitenzi *vilia* kwa damu iliyokusanyika chini ya ngozi. Msemaji asemaye kuwa *damu imevilia* ametaja kwa usahihi kile kinachotajwa na *bruise*. Kinachokosekana ni uteuzi makini wa kisawe.

Tafsiri za Biblia zinaonesha kwamba uteuzi huo hutegemea muktadha. Asili ya *bruise* ni kitenzi cha Kiingereza cha Kale chenye maana ya kuponda, na maana hiyo bado ilikuwa hai wakati tafsiri ya Mfalme James ilipotolewa mwaka 1611. Tafsiri hiyo hutumia neno hilo katika Mwanzo 3:15 na pia katika Isaya 53:5. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, ina *ponda* mahali pa kwanza na *chubua* mahali pa pili. Kiebrania nacho kina mizizi miwili tofauti katika aya hizo, ila mzizi wa Isaya hubeba wazo la kuseta na kuvunjavunja. Kitenzi *chubua* kinaweza kutetewa, kwa kuwa aya hiyo inataja mapigo, na mapigo ya mjeledi huchubua ngozi. Hata hivyo, uzito wa kupondwa umepungua, na mateso yamebaki juu ya ngozi.

Katika sheria, tofauti hiyo ina athari kubwa zaidi. Kifungu cha 5 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinafafanua jeraha la kukata au kutoboa kwa kigezo cha kupasuka kwa utando wa nje wa mwili, ilhali madhara ya mwili yana ufafanuzi mpana zaidi. Damu iliyovilia ni madhara, lakini haitimizi kigezo hicho cha jeraha. Mfasiri akiandika *jeraha* au *mchubuko* pale palipokuwa na mvilio, ameingiza katika ushahidi mpasuko usiokuwapo. Tangu Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kosa hilo haliwezi tena kuachwa lisahihishwe na nakala ya Kiingereza.

Huenda ikapingwa kwamba mazoea ndiyo huunda maana, na kwamba *mchubuko* umekwisha kupanuka. Hoja hiyo ina ukweli kwa mazungumzo ya kawaida. Katika tiba, hata hivyo, upanuzi huo unafuta tofauti panapohitajika zaidi. Katika ngozi nyeusi, mabadiliko ya rangi ambayo Kiingereza huyategemea kuelezea *bruise* huweza yasionekane kwa urahisi. Tabibu hulazimika kutegemea maumivu, uvimbe na maelezo ya mgonjwa. *Mchubuko* huashiria jambo la juu juu, ilhali mvilio huweza kuwa dalili pekee ya nje ya madhara yaliyofichika ndani. *Vilia* hutaja kilichoipata damu, si rangi inayoonekana, na kwa sababu hiyo hufaa zaidi kwa wagonjwa wa Tumbi.

Kwa hiyo, *mvilio wa damu* unastahili kusanifiwa kuwa kisawe cha *bruise* katika istilahi za tiba na sheria, *mchubuko* ubaki kwa ngozi iliyotoka, na *ponda* itumike panapokusudiwa maana ya kale. Baraza la Kiswahili la Taifa lina dhamana ya kusanifu istilahi za namna hiyo. Nao wazungumzaji wamekwisha kuweka msingi wake kila wanaposema kuwa damu imevilia.