Miiba ya Ochola, Miguu ya Rafiki Yangu

Mara ya kwanza kusoma The Promised Land ya Grace Ogot nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni huku Ndhiwa, usiku, tochi chini ya blanketi. Muhula huohuo msichana aliyelala kitanda cha juu yangu aliamka asubuhi miguu ikakataa kumbeba. Ilikuwa wiki ya mtihani. Matroni alisema anajifanya. Wenzetu wa maombi wakasema ni mapepo. Hospitalini vipimo havikuonyesha kitu, daktari akatamka neno moja: histeria. Bweni zima likacheka. Tulidhani ni jina la kisayansi la drama.

Nimeirudia riwaya hii nikiwa mtu mzima, na naona tuliisoma vibaya kama tulivyomsoma yeye.

Hadithi yenyewe, iliyotoka mwaka 1966, ni nyepesi kusimulia. Ochola na mkewe Nyapol wanaondoka Seme kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Nyapol hataki kwenda. Baba yake Ochola pia hataki. Wanaenda hata hivyo. Mali inaongezeka, jirani mzee anaingiwa na wivu, na mwili wa Ochola unaota miiba. Daktari Mzungu anashindwa. Mganga aitwaye Magungu anafaulu, lakini kwa sharti: waache kila kitu warudi kwao.

Darasani tulifundishwa jibu moja: huu ni mgongano wa mila na usasa. Andika hivyo, chukua maksi zako, nenda. Na hapa kwetu jibu hilo lilikaa vizuri, maana hii ni nchi ya Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa ambaye wazee husimulia kwamba aligeuka umbo kila adui alipomkaribia. Nani angebishana na Magungu?

Lakini jibu hilo linasahau kwamba Ogot alisomea uuguzi na ukunga, Uganda na Uingereza, na akafanya kazi Maseno. Anaandika kama mtu aliyesimama kando ya kitanda cha mgonjwa. Swali la nani ameponya halimshughulishi sana. Anaangalia jinsi kila anayemkaribia Ochola anavyokuja na maelezo yake tayari mfukoni. Hospitali ina yake, mganga ana yake. Mwili wa Ochola unakuwa uwanja wa mechi ya watu wengine.

Sisemi miiba ni histeria. Hakuna msongo wa mawazo unaootesha miiba kwenye ngozi. Hiyo ni hadithi, na ina haki ya kuwa hadithi. Nasema kinachomzunguka mgonjwa ndicho kilekile. Kinachoitwa histeria ni hali ambapo mtu analemewa na jambo, kisha mwili unalitoa kwa njia yake: miguu inalegea, sauti inapotea, mwili unatetemeka kama wa mwenye kifafa. Mishipa na mifupa ni mizima, ila mawasiliano kati ya ubongo na mwili yamevurugika. Mgonjwa hajifanyi. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la mfuko wa uzazi, kwa hiyo kwa karne nyingi lilikuwa njia ya kumwambia mwanamke anyamaze. Marekani, mwongozo wa magonjwa ya akili uliacha kulitumia kama jina la ugonjwa mwaka 1980. Sisi bado tunalo, na bado tunacheka.

Oktoba 2023, wasichana zaidi ya 90 wa shule ya Eregi, Kakamega, walipelekwa hospitalini miguu ikiwa haina nguvu. Video zilisambaa, na kwenye simu zetu tukagawana kazi: hawa waliona uchawi, wale waliona watoto wanaokwepa mtihani. Miaka 61 kabla, huko Kashasha karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka tarehe 30 Januari 1962 wakashindwa kuacha. Kufikia Machi walikuwa 95 kati ya 159, na shule ikafungwa. Dunia inalikumbuka tukio hilo kama kichekesho, ilhali watoto wale walikuwa wakilia pia.

Ninalo deni moja kwa Ogot, na lawama moja. Deni ni kwamba mgonjwa wake ni mwanamume. Mwenye nguvu, mwenye shamba, ndiye anayeangushwa na mwili wake. Lawama ni Nyapol. Hofu yake inaanza kabla ya safari, anaimeza, anapika, anazaa, na Magungu hana dawa yake. Riwaya inaijua hofu hiyo, lakini ikifika kwenye miiba inamwacha kando. Ningependa kurasa kumi zaidi akiwa peke yake, baada ya kurudi.

Rafiki yangu alitembea tena baada ya wiki kadhaa. Miaka mingi baadaye, tukinywa chai mjini Homa Bay, aliniambia baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wa mwisho kulipa karo ya muhula ule, na kwamba alimwambia, "Nyathina, sasa umebaki wewe tu." Akabeba maneno hayo mpaka bwenini.

Hakuna aliyemuuliza. Matroni hakuuliza, daktari hakuuliza. Mimi nilikuwa kitanda cha chini, nasoma riwaya.